Kikobe Katika Beseni

Ndugu wasikilizaji, wiki hii nilikuwa nimekusudia kuendelea na historia ya reli, lakini barua moja imenigeuza njia. Imeandikwa na baba mmoja wa hapa jijini Dar es Salaam, ambaye jina lake nitalihifadhi. Anasema mwanawe wa darasa la tatu aliletewa zawadi na mjomba wake aliyerejea kutoka ng'ambo: kikobe kidogo, ukubwa wa biskuti, rangi ya kijani, na nyuma ya kila jicho kina mstari mwekundu. Kikawekwa katika beseni la plastiki chini ya kitanda, paka wa jirani asikifikie. Kilipewa mkate, kikapewa wali, kikapewa kabichi, na siku za sikukuu kikapewa nyama ya kusaga. Miezi ya mwanzo kilikuwa kichangamfu. Sasa macho yamevimba hata hayafumbuki, gamba linabonyea kwa kidole, na ni siku ya sita hakijatia kitu kinywani. Mtoto analia usiku. Baba anauliza maswali mawili: kobe wa namna hii hula nini, na je, mwanawe amekosea wapi?

Nilipoisoma barua hiyo nilikaa kimya kidogo, kwa sababu nami niliwahi kuua kikobe. Nilikuwa na umri kama wa mtoto huyo. Binamu yangu alikiokota kando ya mto, tukakitia katika karai bovu, tukakilisha ugali na makombo ya wali, na usiku tukakificha ndani ya nyumba kisije kikaibwa. Mchana pia tulikiacha humohumo. Bibi yetu alikuwa akipita na kusema, "Wajukuu zangu, mtoeni juani huyo. Huyo ni mnyama wa jua." Sisi tuliona bibi haelewi. Gamba lake likalainika kama ganda la chungwa lililokaa, miguu ikashindwa kumbeba, na asubuhi moja tukamkuta amekufa. Tulimzika nyuma ya jiko. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba bibi alikuwa amesema jambo ambalo mabingwa wa Ulaya walilithibitisha kwa watoto wa binadamu mwaka 1919, na kwamba wafugaji wa kobe walikuja kulizingatia baadaye sana.

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Sisi Waswahili tuna kobe wa nchi kavu na tuna kasa wa baharini, lakini yule aishiye katika mito na madimbwi hatukumpa jina moja la kukubaliana wote. Mimi leo nitamwita kobe wa maji. Wapo wa kwetu, katika Rufiji na Tana na mito mingine mingi. Lakini huyo wa mstari mwekundu nyuma ya jicho si wa Rufiji. Huyo ni Mmarekani, mwenyeji wa bonde la mto Mississippi, na habari yake ni ndefu.

Kuanzia kabla ya Vita Kuu ya Pili hadi miaka ya 1960, ukiingia katika maduka ya vitu rahisi ya miji ya Marekani, yale ya kununua sindano, vitana na peremende, ulikuta pia chombo kilichojaa vikobe hai. Vilikuwa vimetoka katika mayai majuzi tu, kila kimoja na gamba la sentimita tatu hivi. Bei yake ilikuwa ya kumudika na mtoto mwenye senti zake za mfukoni. Pamoja na kikobe uliuziwa kibakuli cha plastiki chenye kisiwa katikati, na juu ya kisiwa umesimama mnazi mdogo wa plastiki. Mnazi! Sijui aliyebuni kibakuli hicho aliona wapi kobe wa Mississippi akipunga upepo chini ya mnazi, lakini watoto walipenda. Vingine vilipakwa rangi mgongoni, vikachorwa maua au kuandikwa jina la mji, ili mtalii apeleke kumbukumbu nyumbani. Na kwa kuwa gamba la kobe hukua pamoja naye, ile rangi ngumu ilimbana kama pete iliyovishwa kidole cha mtoto na kuachwa humo hadi utu uzima.

Pamoja na kibakuli uliuziwa chakula. Kilikuwa ndani ya kijiboksi kidogo, na mara nyingi kilikuwa nzi waliokaushwa, au kile kilichoitwa mayai ya sisimizi, nayo yamekaushwa vilevile. Mtoto aliambiwa anyunyize kiasi kidogo majini kila siku. Basi. Hakuna aliyemwambia zaidi, kwa sababu muuzaji mwenyewe hakujua, na pengine hakuhitaji kujua.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kikobe kinapotoka katika yai hakitoki mikono mitupu. Hubeba tumboni mabaki ya kiini cha yai, na katika ini lake huwa na akiba ya vitamini aliyorithi kwa mama. Akiba hiyo humwezesha kuishi kwa muda hata kama chakula anachopewa hakina maana. Kwa hiyo dukani kikobe kilionekana kizima, kikiogelea, kikinyoosha shingo. Kilikuwa kinakula urithi. Urithi ulipokwisha, kikobe kilikuwa tayari kiko katika nyumba ya watu, mtaa wa mbali, mikononi mwa mtoto, na muuzaji amekwisha kuingiza fedha yake kwenye droo. Kikifa, mama alimwuliza nani? Alimwuliza mtoto: "Umemfanya nini?" Na mtoto akaamini kwamba ni yeye. Halafu, kwa kuwa bei ilikuwa ndogo, alinunuliwa kingine.

Sasa tuangalie mwili wa mnyama mwenyewe. Wengi hudhani gamba la kobe ni nyumba aliyoingia, kama konokono. La hasha. Gamba ni mifupa yake, mbavu na uti wa mgongo vilivyopanuka na kuungana, na juu yake pana vigae vya kitu kama ukucha. Kobe mchanga basi anajenga mifupa mingi kuliko mnyama mwingine wa ukubwa wake. Anahitaji madini ya kalsiamu kwa wingi, na ili mwili uyatumie madini hayo anahitaji vitamini D. Vitamini hiyo huitengeneza mwenyewe ngozi yake ikipigwa na ile mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, ambayo wataalamu huiita urujuanimno. Kioo cha dirisha huizuia. Unaweza kumweka kobe dirishani akaota mwanga mchana kutwa, akaona joto, akafurahi, na asipate hata chembe ya kile anachohitaji. Akikosa, mwili huanza kuchota kalsiamu kutoka katika mifupa iliyopo ili moyo na misuli viendelee kufanya kazi. Gamba hulainika. Ndiyo ile hali ya kubonyea kwa kidole.

Ugonjwa huu kwa watoto wa binadamu tunaujua, huleta matege. Mwaka 1919 daktari Kurt Huldschinsky mjini Berlin aliwachukua watoto waliokuwa na mifupa laini, katika njaa ile iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza, akawawekea taa zenye mionzi hiyo, na picha za eksirei zikaonyesha mifupa ikikaza. Mwaka huohuo Mwingereza Edward Mellanby alionyesha kwa kutumia mbwa kwamba ugonjwa unaweza kuletwa na chakula na kuzuiwa kwa chakula, hasa mafuta ya ini la samaki. Kwa maneno mengine, vile vibakuli vya minazi vilipojaa madukani, elimu ya jua, chakula na mifupa ilikuwa imekwisha kuandikwa vitabuni. Watoto wa shule wenyewe walinyweshwa mafuta ya samaki kwa nguvu. Kilichokosekana ni mtu wa kuona kwamba kile kitu kilichomo kibakulini nacho kina mifupa.

Habari ya macho ilichukua muda zaidi. Kwa miaka mingi vikobe vilivyovimba macho vilidhaniwa kuwa vimeingiwa na vumbi au baridi, na watu walivisafisha kwa pamba na maji ya uvuguvugu. Mwaka 1967 wataalamu wawili, Elkan na Zwart, walichapisha uchunguzi wao ulioonyesha kwamba ugonjwa ule wa macho kwa kobe wachanga wa maji husababishwa na upungufu wa vitamini A. Vitamini hiyo ikikosekana, ngozi laini ya ndani ya tezi zilizo karibu na macho hubadilika na kuwa ngumu, vijia vinaziba, tezi zinavimba, na kope haziwezi kufunguka. Na kobe hutafuta chakula kwa macho. Asipoona hali, na asipokula upungufu unazidi, na upungufu ukizidi macho yanavimba zaidi. Hicho ndicho kilichomo katika beseni la yule mtoto wa darasa la tatu, neno kwa neno, kama kwamba baba yake alikuwa akinakili ile ripoti ya mwaka 1967.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1969, Wamarekani Clark na Gibbons walieleza jambo jingine ambalo lingepaswa kubandikwa kwenye kila kibakuli. Walichunguza kobe wa maji wa jamii hiyohiyo wakiwa porini, wakaona kwamba chakula chake hubadilika kwa umri. Akiwa mchanga hula nyama zaidi: wadudu, viluwiluwi, konokono wadogo na mfano wa hao. Akikua anageukia majani na mimea ya majini. Naona jambo hili ni la busara kabisa. Mchanga anajenga mwili, anahitaji nguvu nyingi katika lishe ndogo; mkubwa ana tumbo kubwa la kusaga majani taratibu. Lakini tazama anavyofugwa: mchanga hupewa kabichi na mkate, na mkubwa, kama amebahatika kufika huko, hupewa nyama na watu wanaofurahia kumwona akirarua.

Na nyama yenyewe ina siri yake. Konokono porini huliwa pamoja na gamba lake, na samaki mdogo huliwa pamoja na miiba. Hapo ndipo kalsiamu ilipo. Nyama ya kusaga kutoka buchani haina mfupa, ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na fosforasi ikizidi sana huharibu hesabu nzima ya mifupa. Mzazi anayempa kikobe nyama tupu anadhani amemkirimu. Amempa karamu inayomla mifupa.

Haya yote, ndugu wasikilizaji, hayakuisukuma serikali ya Marekani hata inchi moja. Kilichoisukuma ni kuhara kwa watoto. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 madaktari waligundua kwamba vikobe hivyo hubeba bakteria wa salmonela, jamaa wa wale waletao homa ya matumbo. Kobe mwenyewe haumwi. Huyabeba tumboni na kuyatoa majini. Mabwawa ya kuzalishia vikobe kule Louisiana na majimbo ya jirani yalikuwa na msongamano, na kobe wakubwa walilishwa masalio ya machinjioni, basi bakteria hawakukosa makazi. Mtoto alishika kikobe, akashika mkate. Au alikibusu. Au alikitia kinywani. Mama naye alimwaga maji ya kibakuli katika sinki la jikoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikadiriwa kwamba watu wapatao 280,000 kwa mwaka walikuwa wakiambukizwa kwa njia ya kobe, sawa na asilimia 14 hivi ya maambukizo yote ya salmonela nchini humo. Wakati huo karibu nyumba 4 katika kila 100 zilikuwa na kobe.

Mwaka 1972 ilitolewa amri kwamba vikobe vinavyosafirishwa kutoka jimbo hadi jimbo viwe na cheti cha kutokuwa na salmonela. Haikufaa kitu, maana kobe aliyepimwa leo akaonekana safi, wiki ijayo huanza tena kuwatoa bakteria. Mwaka 1975 Mamlaka ya Chakula na Dawa ikapiga marufuku uuzaji wa kobe wa kufugwa mwenye gamba fupi kuliko inchi 4, yaani sentimita 10 hivi. Kwa nini inchi 4? Kwa sababu ilionekana kwamba kobe mwenye ukubwa huo mtoto mdogo hawezi kumtia kinywani.

Nimeufikiria sana urefu huo. Ilikuwa sheria nzuri, wala simlaumu aliyeitunga. Hesabu za baadaye zilionyesha kwamba iliwaepusha na ugonjwa watoto wapatao 100,000 kila mwaka. Lakini umri ambao mnyama huyu alikuwa akifa kwa wingi, umri wa macho kuvimba na gamba kulainika, ukawekewa ulinzi kwa kipimo cha kinywa cha mtoto wa binadamu. Kama kinywa cha mtoto kingekuwa kidogo zaidi, vikobe vingeendelea kuuzwa. Na sheria ilikuwa na tundu: iliruhusu vikobe kwa ajili ya elimu, sayansi na maonyesho, na ilikuwa haigusi biashara ya nje. Wauzaji wa barabarani wakaigundua elimu ghafla. Wengine wakauza kibakuli kwa bei nzuri na kukupa kikobe bure. Mwaka 2007, zaidi ya miaka 30 baada ya marufuku, mtoto mchanga wa wiki chache alifariki huko Florida kwa salmonela, na bakteria waliomuua walikutwa vilevile kwa kobe wa nyumbani mwao.

Wafugaji wa Louisiana nao hawakufunga mabwawa yao. Walielekeza macho ng'ambo. Mwaka 1984 kilitoka kitabu cha katuni cha kobe wanne wapiganaji wenye majina ya wasanii wa Italia, mwaka 1987 wakaingia kwenye televisheni, na mwaka 1990 kwenye sinema. Hata hapa kwetu kanda za video zao zilifika, na chakula chao kikuu, mtakumbuka, kilikuwa piza. Watoto wa Ulaya wakataka kobe. Kati ya mwaka 1989 na 1997 Marekani ilisafirisha nje kobe hawa wa masikio mekundu zaidi ya milioni 52. Wengi walikufa mapema kwa njia niliyokwisha kueleza. Waliosalia walikua wakafikia sentimita 20 na zaidi, wakauma vidole, wakanuka, wakatupwa katika mabwawa ya bustani za London na kwingineko. Umoja wa Ulaya ulizuia kuwaingiza mwaka 1997, na mwaka 2000 kobe huyo akaandikwa katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya kuliko vyote duniani. Mnyama aliyeshindwa kuishi ndani ya kibakuli aliweza kabisa kuishi ndani ya ziwa la watu.

Msidhani kwamba haya ni ya wenzetu tu. Vukeni bahari kidogo, mwendo wa nusu saa hivi kwa boti kutoka Mji Mkongwe, mfike Kisiwa cha Changuu. Wapo kobe wakubwa wa Aldabra, wenye asili ya visiwa vya Shelisheli, na umri wao umeandikwa kwa rangi migongoni. Wanne wa kwanza waliletwa mwaka 1919 kama zawadi ya gavana wa Kiingereza wa Shelisheli. Ndiyo, mwaka uleule wa taa za Berlin. Walipata walichohitaji bila daktari: nyasi, majani, jua la wazi, mchanga wa kufukia mayai, na hakuna aliyewatia katika bakuli. Kufikia mwaka 1955 walikuwa 200 hivi.

Kisha wakaanza kuibwa. Wengine waliliwa, na wengine waliuzwa nje kwa wafugaji wa wanyama wa anasa. Mwaka 1988 walibaki 100 hivi, mwaka 1990 wakabaki 50, na mwaka 1996 wakahesabiwa saba. Saba tu! Mwaka huohuo vilipelekwa kisiwani vikobe 80 ili kufufua ukoo, na 40 kati yao vikatoweka. Mwizi hakuhitaji jahazi wala kamba. Mtoto wa kobe anayeweza kuja kufikia uzito wa kilo 200 na zaidi huingia mfukoni mwa koti. Ndipo Serikali ya Zanzibar, kwa msaada wa shirika la kimataifa la kulinda wanyama, ikajenga boma kubwa, na kufikia mwaka 2000 walihesabiwa wakubwa 17, vijana 50 na wachanga 90.

Kobe wetu wa bara naye alikuwa na mkosi wake. Yule kobe bapa wa kwenye majabali ya Kenya na Tanzania, ambaye Wazungu humfananisha na chapati, hutaga yai moja tu kwa mara moja. Kenya ilizuia kumsafirisha mwaka 1981. Tanzania iliendelea kumuuza kwa maelfu katika miaka iliyofuata, na ni mwaka 2019 tu mkataba wa kimataifa ulipokataza kabisa biashara ya wale wa porini. Wangapi kati yao waliishi mwaka mmoja katika sanduku la kioo huko walikokwenda?

Na tusidhani kwamba elimu ilikwisha kukamilika. Kobe wa nchi kavu wanaofugwa huota vinundu virefu mgongoni, kama vichuguu. Kwa miaka mingi wafugaji walifundishana kwamba sababu ni protini nyingi. Mwaka 2003 watafiti Wiesner na Iben wa Vienna walichapisha majaribio yao kwa watoto wa kobe wa Sahel, yule mkubwa wa bara letu. Waliwaweka wengine katika hewa kavu na wengine katika hewa yenye unyevu, kwa kiwango tofauti cha protini. Waliokaa pakavu waliota vinundu virefu zaidi. Protini ilikuwa na athari ndogo tu. Inaelekea kobe mchanga hutumia muda mwingi chini ya majani na ndani ya mashimo yenye unyevu, ambako jicho la mfugaji halifiki. Watu walimwona mkubwa akitembea jangwani wakadhani na mtoto wake ni wa jangwani.

Sasa narudi kwa baba aliyeniandikia. Nilimjibu kwa simu kabla ya kipindi hiki, kwa sababu kikobe hakikuwa na muda wa kusubiri siku ya matangazo. Kwanza nilimwambia aende kwa daktari wa mifugo, kwa kuwa macho yaliyofikia hapo yanahitaji vitamini A kwa kipimo, na kipimo kikizidi nacho huua. Pili, beseni litoke chini ya kitanda. Kila asubuhi lipate jua lenyewe, si jua la dirishani, pamoja na upande mmoja wa kivuli ili mnyama ajichagulie, na jiwe la kupanda akauke. Tatu, chakula apewe majini, maana kobe huyu hamezi vizuri akiwa pakavu. Akianza kula, apewe nyungunyungu, panzi, konokono wadogo, dagaa wabichi wazima wasiotiwa chumvi, na kijipande cha ini mara mojamoja. Pia majani ya matembele na karoti iliyokunwa, apate kuyazoea kabla ya ukubwa. Kile kifupa cheupe chepesi kinachookotwa ufukoni, cha wanyama wa jamii ya ngisi, kielee humo majini akitafune. Mkate usimamishwe. Na asishindiliwe, kwani kobe anayekuzwa haraka kwa kulishwa kupita kiasi huharibika umbo na figo.

Upande wa nyumba, mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika, maji ya beseni yamwagwe chooni wala si jikoni, na mdogo wa mtoto huyo, ambaye nasikia ana miaka miwili, asimguse kabisa. Nilimkumbusha pia kwamba sheria zetu zinataka kibali kwa mnyama wa namna hii, na kwamba mjomba alipaswa kuuliza kabla ya kumtia kwenye begi. Na kwa hali yoyote ile asije akatupwa katika Mto Msimbazi.

Kuhusu swali lake la pili nilimwomba anipe mtoto mwenyewe kwenye simu. Nikamweleza habari ya akiba ya kiini cha yai, kwamba alipoletewa kikobe kile kilikuwa tayari kimeanza safari ya kuumwa kabla hajakigusa. Akanyamaza. Kisha akaniuliza, "Babu, kikipona kitakuwa kikubwa kiasi gani?" Nikamwambia, kama sahani ya kulia wali, na kinaweza kuishi mpaka wewe uwe na watoto. Akauliza kitalala wapi. Sikuwa na jibu zuri.

Juzi baba amepiga simu. Jicho la kushoto limefumbuka. La kulia bado.